Vifaru weupe wa kaskazini: viinitete zaidi ya 30 viko kwenye naitrojeni, mbona ndama hapatikani?

#1 MtungiBaridi
Wakuu, salaam. Wenye ujuzi wa uzazi wa wanyama wakubwa naomba tulichambue hili bila siasa.

Tangu Agosti 2019 mradi wa BioRescue unavuna mayai pale hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya, na maabara ya Avantea kule Cremona, Italia, inayageuza kuwa viinitete, yaani mimba changa za siku chache. Sasa vimepita 30. Madume wameisha, wa mwisho alikuwa Sudan aliyekufa 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin wa mwaka 1989 na binti yake Fatu wa mwaka 2000, na wote wawili hawawezi kubeba mimba. Kwa hiyo mama mbadala lazima awe kifaru mweupe wa kusini.

Dai langu: kazi ya mayai imeshaeleweka. Mradi unakwamia pale kiinitete kinapoingizwa tumboni. Na sioni mtu anayeweza kusema kwa uhakika kwa nini hakishiki. Mnasemaje?

#2 Ng'ombeMaziwa
Kwa ng'ombe hii ni kazi ya asubuhi moja. Unamsubiri aingie joto, unahesabu siku saba, unapitisha mrija kwenye shingo ya kizazi, unaachia kiinitete kwenye pembe ya mji wa mimba ya upande ule uliotoa yai. Kati ya kumi, wanne hadi sita wanashika. Hao wazungu wana mashine za mamilioni na wanashindwa? Au ni kwa sababu mimba yake ni ya miezi 22?

#3 PembeMbili
Mkuu #2, miezi 22 ni tembo. Kifaru mweupe ni 16, na urefu wa mimba hauhusiani na kushika.

Shida inaanzia kwenye maumbile. Shingo ya kizazi ya kifaru si bomba lililonyooka. Ina mikunjo migumu inayoingiliana, na njia yake inapinda kona baada ya kona. Mrija wa ng'ombe hapo haufiki popote. Pia huwezi kuingiza mkono ukaishika ukainyoosha kama ulivyozoea, kwa sababu kila kitu kiko mbali. Ovari zenyewe ziko karibu mita moja na nusu ndani.

Halafu wewe ng'ombe wako anasimama kwenye kizuizi anatafuna pumba. Huyu wa kwenye hifadhi lazima apigwe nusu kaputi.

#4 Nyasi_Ndefu
Kabla hamjaendelea, wengine tunafuata kwa mbali. Mayai yanatolewaje hasa, kama njia ya kawaida haipitiki?

#5 PembeMbili
Yanatolewa kupitia ukuta wa utumbo mpana, yaani kwa njia ya haja kubwa.

Kwanza Fatu anachomwa homoni siku kadhaa kabla ili folikuli nyingi (vifuko vinavyokuza mayai) zikue pamoja. Siku yenyewe analazwa, utumbo unatolewa kinyesi na kuoshwa vizuri. Kinaingizwa kifaa kirefu chenye kichwa cha altrasaundi na njia ya sindano ubavuni. Ovari ikionekana kwenye kioo, sindano inapenya ukuta wa utumbo moja kwa moja hadi ndani ya folikuli. Maji yanavutwa, folikuli inasuuzwa tena na tena kwa kimiminika cha maabara ili yai libanduke, na kila kinachotoka kinachujwa na kutafutwa yai chini ya darubini palepale hifadhini.

Kinachotisha ni mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani na ovari. Ukikosea kwa milimita chache anavuja damu ndani na hakuna wa kumpasua kwa wakati. Cha pili ni bakteria wa utumbo kuingia tumboni kwa njia ya lile tundu. Ndiyo maana usafi unasisitizwa na dawa za kuua vijidudu zinatolewa. Zoezi zima ni kama saa mbili.

#6 DaktariPori
Nyongeza kwa #5 upande wa usingizi. Kifaru mweupe ni msumbufu zaidi ya mweusi. Etofini, dawa kali ya usingizi, miligramu chache tu, inamlaza mnyama wa tani moja na nusu, lakini inabana pumzi: oksijeni ya damu inashuka, misuli inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Anawekewa mpira wa oksijeni puani na anapewa butofanoli kupunguza makali. Akikaa mkao mmoja muda mrefu, uzito wake mwenyewe unakata damu kwenye misuli ya miguu. Kazi ikiisha naltreksoni, dawa ya kumwamsha, inaingia kwenye mshipa na ndani ya dakika chache anasimama. Etofini hiyohiyo tone likimwingia mtu ni msiba, kwa hiyo dawa ya kuizima inakaa mkononi kabla bomba halijafunguliwa.

Nayasema haya kwa sababu naona wengi wanalijadili tumbo la uzazi kana kwamba liko peke yake. Mama mbadala naye analazwa hivihivi siku ya kupandikizwa. Damu yenye oksijeni pungufu kwa muda wote huo inakwenda pia kwenye mji wa mimba. Hilo mimi naliweka namba moja.

#7 MzeeWaDarubini
DaktariPori, kila daktari wa usingizi huona kosa liko kwenye usingizi 😄

Mimi naangalia kiinitete chenyewe. Mfano wa awamu ya kwanza: mayai yalitolewa 22 Agosti 2019, kumi kwa jumla, matano kwa kila mama. Yalisafirishwa hadi Cremona, yakakomazwa, na 25 Agosti saba yakachomwa mbegu. Hapo hawamwagi mbegu juu ya yai wakasubiri. Mbegu zilizogandishwa miaka mingi nyingi zimekufa au haziogelei, kwa hiyo inachaguliwa moja na kudungwa ndani ya yai kwa sindano ya kioo. Baada ya siku kama kumi kwenye kiangulio, vilipatikana viinitete viwili tu, vyote vya Fatu. Yai moja la Najin lilianza kugawanyika likaishia njiani.

Sasa hesabu. Kiinitete kilichotengenezwa ndani ya chombo hukua polepole kuliko cha tumboni. Kikifika hatua ya blastosisti, yaani kifuko cha seli kilicho tayari kupandikizwa, kinagandishwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na baadaye kinayeyushwa. Kila hatua inaua seli. Kwa darubini unaona kizuri, ndani labda robo ya seli zimekufa. Hakuna anayetaka kutoboa kiinitete cha mnyama ambaye wamebaki wawili ili achunguze.

#8 Ng'ombeMaziwa
Mbona wa farasi vinagandishwa na vinashika? Farasi na kifaru ni ukoo mmoja.

#9 MzeeWaDarubini
Leo umeongea. Ndiyo, kwa farasi njia ileile ya kudunga mbegu moja imekuwa biashara, na Avantea wamekuwa wakiifanya miaka. Lakini walifika hapo kwa kuharibu mayai mengi sana ya farasi wa machinjioni wakijaribu vimiminika. Mayai ya kifaru wa kusini ya kufanyia mazoezi yanatoka kwa majike wachache wa bustani za Ulaya. Hata waliochangia kile kiinitete kilichoshika, mama ni Elenore wa Pairi Daiza, Ubelgiji, na baba ni Athos wa Salzburg, Austria.

#10 Kware_wa_Nanyuki
Kilichoshika? Nilisikia yule kifaru alikufa kwa sababu ya kupandikizwa. Ndiyo maana wakanyamaza miezi.

#11 PembeMbili
Hapana, tusipotoshe. Curra, jike wa kusini, alipandikizwa viinitete viwili vya kusini 24 Septemba 2023 hapohapo Ol Pejeta. Novemba alikutwa amekufa. Siku chache kabla yake alikufa Ouwan, yule dume wa kutambua joto, ambaye hakupandikizwa kitu. Wote wawili waliuawa na bakteria wa klostridia. Mvua kubwa zilifukua vijidudu vilivyokuwa vimelala ardhini. Curra alipopasuliwa ndipo ikaonekana mimba ya siku 70, kijusi cha kiume cha sentimita 6.4, kimekua vizuri kabisa. Tangazo likatoka Januari 2024.

Hiyo ndiyo mimba ya kwanza ya kifaru kwa kiinitete cha maabara, na ilikuwa jaribio la 13: kumi Ulaya, matatu Kenya. Na vilikuwa vya kusini kwa makusudi, kuthibitisha njia kabla ya kutumia vya Fatu. Kwa vya kaskazini bado hajazaliwa ndama.

#12 Nyasi_Ndefu
Asante #11. Dume wa kutambua joto ni nini tena?

#13 Kware_wa_Nanyuki
Ni bwana harusi asiye na mbegu 😂

#14 PembeMbili
Kwa kweli ndivyo. Ni dume mzima aliyetolewa uwezo wa kutungisha mimba lakini hamu anayo. Shahawa zake lazima zipimwe mpaka zionekane tupu ndipo aachiwe na majike, la sivyo unaweza kushangilia mimba ambayo ni yake. Binadamu hawezi kukaa kwenye nyika ya ekari maelfu akapima altrasaundi kila siku aone folikuli imefika sentimita 3. Dume anajua kwa pua. Akimpanda jike, askari wa hifadhi wanaandika saa, na timu inahesabu kama wiki moja. Curra alipandwa, kisha ndani ya wiki hiyo akapandikizwa.

Ouwan alipokufa haikuwa hasara ya kifaru mmoja tu. Dume mwingine kumtafuta, kumwondolea uwezo, kusubiri awe mtupu kabisa, kumzoesha majike: kalenda yote inarudi nyuma.

#15 MtungiBaridi
Hapo #14 umegusa ninachokishuku. Kumpanda si sawa na kupevusha yai. Mzunguko wa kifaru mweupe wenyewe una sura mbili, kuna wa siku kama 35 na kuna wa siku kama 70, na jike yuleyule anaweza kuruka kutoka huu kwenda ule. Ukihesabu siku kutoka kwenye kupandwa, tumbo linaweza kuwa nyuma au mbele kwa siku mbili tatu. Sasa changanya na alichosema MzeeWaDarubini, kwamba kiinitete cha chombo nacho kimechelewa. Mgeni anafika, mlango umeshafungwa.

#16 Bi_Homoni
Wadau, habari. Wote mmeacha mfano mkubwa kuliko yote. Bustani ya Cincinnati, kifaru wa Sumatra aitwaye Emi. Alipoteza mimba tano mfululizo. Terri Roth na wenzake wakampa projesteroni, homoni inayotunza mimba, ya nyongeza kila siku, na Septemba 2001 akazaliwa Andalas. Pale alipandwa na dume wa kawaida, maabara haikuhusika kabisa.

Kwa nini mama mbadala wasipewe projesteroni tangu siku ya kupandikizwa? Kukorogakoroga shingo ya kizazi na mji wa mimba kunaweza kufyatua homoni ya prostaglandini, nayo ikiua ule uvimbe wa njano kwenye ovari unaotengeneza projesteroni, projesteroni inaporomoka na kiinitete kinatolewa nje hata kama ni kizima.

#17 MzeeWaDarubini
Bi_Homoni, Emi alikuwa anashika halafu anapoteza. Hawa inaonekana hawashiki kabisa. Dawa ya mvujo huwezi kumpa mtu ambaye hajawahi kujaza ndoo.

#18 Bi_Homoni
Unajuaje kwamba hawashiki? Kifaru hapimwi kila siku. Dalili ya kwanza unayoipata ni dume kumpanda tena baada ya mwezi au zaidi. Mimba iliyoishi siku 12 ikafa na mimba ambayo haikuwepo, kwa nje ni kitu kimoja. Mpaka mtu achote kinyesi kila siku na kupima mabaki ya homoni, mimi na wewe tunabishana gizani.

Na kwa farasi, kiinitete huzurura ndani ya mji wa mimba hadi kama siku ya 16, kikimwarifu mama kwamba kipo. Kama wa kifaru naye anafanya hivyo, basi mama mwenye vivimbe au makovu ndani atakizuia kisizunguke.

#19 Nyasi_Ndefu
Hapo naomba nirudi nyuma. Kwa nini Fatu ana kasoro tangu awali? Baba yake si Sudan, dume mwenye afya?

#20 PembeMbili
Sudan ni babu. Najin ni binti wa Sudan, na Fatu ni binti wa Najin na Saút. Hili si umbea, lina maana kwenye maabara: mbegu za Saút zipo kwenye akiba, lakini huwezi kuzidunga kwenye yai la Fatu, utakuwa unamwozesha baba. Kwake zinatumika za dume Suni, na za Angalifu, dume wa bustani ya San Diego, Marekani, ambaye alizaliwa porini.

Kasoro: Najin ana miguu dhaifu ya nyuma, uzito wa mimba ungemwangusha. Isitoshe ana uvimbe tumboni, na Oktoba 2021 aliondolewa kabisa kwenye uvunaji wa mayai. Fatu mji wake wa mimba umeharibika ndani. Jike wa kifaru asiyebeba mimba kwa miaka anazunguka joto baada ya joto, na kila mzunguko unaacha alama: vivimbe vya majimaji, kisha vivimbe vya nyama. Akiwa wa makamo tumbo limezeeka kuliko yeye.

#21 Laikipia_Kavu
Hiyo ni matokeo, sababu bado. Swali ni kwa nini hakubeba akiwa kijana. San Diego waliangalia chakula: lusini na soya zina fitoestrojeni, kemikali za mimea zinazoiga homoni ya kike ya estrojeni, na vipokezi vya estrojeni vya kifaru mweupe vinaziitikia sana. Binti aliyezaliwa bustanini, mama yake akila hizo tembe wakati wa mimba, ndiye anayekuwa tasa. Walipohamia tembe za majani, baadhi ya majike waliokuwa hawazai wakapata mimba.

#22 DaktariPori
Nimeisoma hoja hiyo, lakini ziko bustani zilizolisha lusini miaka na vifaru wakazaa. Wengine wanasema ni binti kukaa zizi moja na mama yake, anakandamizwa na haonyeshi joto. Fatu ameishi na Najin maisha yake yote. Wengine ni dume mmoja aliyezoeleka kama kaka. Hizo tatu hazipingani, zinaweza kuwa zote.

#23 Ng'ombeMaziwa
Kwa hiyo lusini ninayolisha ng'ombe wangu nayo ni sumu? 😳

#24 Laikipia_Kavu
Lisha tu mkuu, tumbo la ng'ombe linazivunja nyingi ya hizo. Usizidishe kwa mitamba unaotaka washike.

#25 Garamba2
Jamani, mimi niko upande wa Kongo. Mnatumia pesa nyingi kwa tumbo moja. Hawa wanyama walikuwa wetu, hifadhi ya Garamba. 1984 walihesabiwa 15, wakalindwa wakafika kama 30 mwaka 2003, halafu majangili wakawamaliza. Hakuna aliyewamaliza kwa ugumba. Juni 2023 wameletwa wa kusini 16 kutoka Afrika Kusini kwa ndege, nao wanakula majani yaleyale. Kuna haja gani ya wa kaskazini?

#26 PembeMbili
Garamba2, karibu. Kuhusu majangili uko sahihi. Ila wale 16 ni mnyama mwingine kwa vinasaba, wametengana maelfu mengi ya miaka. Wale waliozoea kinamasi na nyasi ndefu na magonjwa ya huko ni wa kaskazini. Kama wa kusini watahimili muda mrefu ndiyo tutaona.

Na pesa za maabara hii haziendi kununua bunduki za askari hata mradi ukifungwa. Wafadhili ni wengine.

#27 Garamba2
Hilo la wafadhili sikubaliani nalo, lakini endeleeni.

#28 Kware_wa_Nanyuki
Labda wa kusini anakataa mimba ya wa kaskazini, kinga ya mwili?

#29 PembeMbili
Haielekei. 1977 kwenye bustani ya Dvůr Králové, Ucheki, alizaliwa chotara wa kaskazini na kusini na akaishi. Na ng'ombe wa kawaida, Holstein, alimzaa gaur, ng'ombe mwitu wa Asia, huko bustani ya Bronx 1981. 1984 bongo, swala wa msituni, akazaliwa na pofu, swala mwingine mkubwa, Cincinnati. Hao walikuwa mbali zaidi kuliko hawa wawili.

#30 Nyasi_Ndefu
Bongo kwa pofu! Kwa hiyo bongo wa Mlima Kenya angeweza kuzalishwa hivyo?

#31 DaktariPori
Angeweza, ila haina haja kubwa. Bongo anazaa mwenyewe bustanini. 2004 waliletwa 18 kutoka Marekani kuja Mlima Kenya. Kwake tatizo ni msitu na magonjwa.

Kwa tembo napo kupandikiza hakuhitajiki, unahimilisha tu, yaani unamwingizia mbegu za dume kwa mrija. Tembo ana hisani ambayo kifaru hana: homoni ya LH, inayochochea yai kutoka, inapanda mara mbili, ya kwanza bila yai, ya pili wiki tatu baadaye na yai linatoka. Ukipima damu ukaikamata ya kwanza, una wiki tatu za kuandaa mbegu na tiketi za ndege. Ndama wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Marekani 1999. Kinachoharibu kazi ni mkojo kuchanganyika na shahawa wakati wa kukamua dume.

#32 MtungiBaridi
Turudi. Kuna kitu kingine kinanisumbua: viinitete vyote hivyo ni vya mama mmoja. Hata vikishika vyote, ni ndugu watupu.

#33 MzeeWaDarubini
Ndiyo sababu ya ile njia ya pili. San Diego wana seli hai za ngozi za vifaru 12 wa kaskazini. Seli ya ngozi inarudishwa kuwa seli shina, inayoweza kugeuka seli ya aina yoyote. Ya Fatu ilishafanyika 2011. Mwaka 2022 timu ya Katsuhiko Hayashi wa Osaka pamoja na wenzao wa Berlin walichukua seli za Nabire, jike wa kaskazini aliyekufa 2015, wakazifikisha kwenye chembe za awali kabisa za mayai na mbegu. Kutoka hapo hadi yai kamili kuna ukuta: chembe hizo zinahitaji tishu ya ovari changa kuzilea. Kwa panya Hayashi aliuvuka. Kwa kifaru hiyo tishu utaitoa wapi?

#34 Bi_Homoni
Na ukishalipata yai, linarudi kwenye tumbo lilelile tunalobishania tangu #1.

#35 Ng'ombeMaziwa
Mimi narudi kwenye ushamba wangu. Mmoja kati ya 13. Kama usingizi ndio mbaya (#6), fundisheni jike asimame kwenye kizuizi kama ng'ombe. Bustani ya Budapest 2007 walipata ndama wa kifaru kwa kuhimilisha, si walipita kwenye hiyo shingo mnayosema haipitiki?

#36 PembeMbili
Walipita kwa mrija uliotengenezwa maalumu kwa kifaru, na mbegu ni milioni nyingi, zikimwagika nusu bado zinatosha. Kiinitete ni kimoja, viwili ukiwa mkarimu.

Kufundisha asimame kunawezekana kwa wa bustanini. San Diego waliwafundisha majike wao kusimama kupimwa altrasaundi, na Victoria alimzaa Edward Julai 2019 kwa kuhimilishwa. Lakini jike wa Laikipia aliyezoea nyika, aliyewahi kuzaa, ambaye ndiye unayemtaka kwa sababu tumbo lake ni safi, ndiye huyohuyo asiyekubali kizuizi. Ukimfungia miezi mitatu kumfundisha, anaweza akaacha kuingia joto.

#37 DaktariPori
Hapo Ng'ombeMaziwa amenipa hoja bila kujua. Linganisheni majaribio ya waliosimama na ya waliolazwa.

#38 MzeeWaDarubini
Kwa majaribio mangapi? Ukigawa 13 mara mbili hupati takwimu, unapata imani. Ya Ulaya yamechanganya bustani tofauti, majike wenye umri tofauti, viinitete vibichi na vya barafu.

#39 MtungiBaridi
Muda nao hausubiri. Ndama akizaliwa anatakiwa aishi na Najin na Fatu ajifunze ukaskazini wake: kula vipi, kuwasiliana vipi. Najin ameshapita miaka 35. Toa miezi 16 ya mimba kwenye umri uliobaki.

#40 Kware_wa_Nanyuki
Swali dogo la mwisho kabla sijalala. Umeme ukikatika Berlin au Cremona, si vyote vinayeyuka?

#41 MzeeWaDarubini
Mtungi wa naitrojeni hautumii umeme. Ni chupa yenye kuta mbili na ombwe katikati, inapoteza kimiminika kidogo kila siku, unapima kwa kijiti na kuongeza. Hatari yake ni ombwe kuvuja: ukiona jasho au barafu shingoni mwa mtungi, hamisha siku hiyohiyo. Na viinitete vimegawanywa sehemu mbili, Berlin na Cremona, visife pamoja.

#42 Ng'ombeMaziwa
Mtungi wa mbegu wa kijijini kwetu una barafu shingoni tangu Krismasi. Ngoja nipige simu.